Nachora kila siku, lakini wakiniuliza falsafa yangu nakosa la kusema

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, nipo Dar, kazi nimefundishwa na mjomba wangu ambaye amechora Tingatinga maisha yake yote. Nachora tembo, twiga, ndege, Wamasai, kulingana na oda. Pembeni nina picha zangu mwenyewe ambazo siziuzi, nachora watu kwenye foleni, foleni ya maji, ya daladala, ya hospitali, sijui kwa nini nawachora hao. Mwaka huu nikaona tangazo la residensi, ile nafasi ya msanii kukaa mahali kwa muda akifanya kazi zake, nikataka kuomba, fomu inasema andika falsafa yako ya sanaa kwa maneno 300. Nimekaa na hiyo fomu mpaka leo. Rafiki yangu akaniandikia kwa ile programu ya akili bandia ikatoka nzuri sana, kwamba nachunguza makutano ya utambulisho, kumbukumbu na mwili wa Kiafrika, ila kila nikiisoma najiona tapeli. Mjomba anasema falsafa ni ya watu walioshiba, we chora uuze. Wenzangu waliosoma chuo wanasema Tingatinga si sanaa ni bidhaa ya watalii, niache kwanza ndo nitapata falsafa. Nimevurugwa. Oda nafanya kwa sababu ya kodi lakini picha zangu sijazigusa wiki kadhaa, usiku silali vizuri, na siku nikichorea chumbani kichwa kinauma sana. Je, mtu anaweza kuwa msanii bila falsafa? Na nikiitaka naanzia wapi?"

JIBU:

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo fomu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili tatu, na kabla sijaenda popote nikwambie tu kwamba jibu umeliandika mwenyewe humo humo katikati ukalipita mbio. Una picha za watu kwenye foleni, huziuzi, na hujui kwa nini unawachora. Hapo ndo penyewe, ila nikikupeleka moja kwa moja hutaniamini, kwa hiyo ngoja twende taratibu.

Ninavyokuelewa una hofu mbili. Moja unaisema wazi, kwamba wasanii wa kweli falsafa wanakuwa nayo kichwani kwanza halafu ndo wanashika brashi, wewe brashi unashika kila siku na kichwani unaona hamna kitu, basi lazima kuna mahali umekosea. Nyingine umeificha kidogo, kwamba labda kazi iliyokulea, kazi ya mjomba, imekuharibu, na mtu anayechora twiga kwa oda hana haki ya kuulizwa anaamini nini. Ya kwanza haina maneno mengi. Ya pili nitakaa nayo, kwa sababu naona vijana wenye mkono mzuri wanaachia njiani kwa ajili ya hiyo hiyo.

Falsafa ya mchoraji mara nyingi haitangulii picha, inakuja nyuma yake. Ukikaa mbele ya ubao kuna maamuzi mengi sana unayafanya bila kuyasema: usuli, yaani ile sehemu ya nyuma ya picha, uwe rangi gani, mnyama akae katikati au asogee, jicho liangalie wapi, uache nafasi au ujaze, umalizie leo au usubiri kesho ikauke. Mengi unayafanya kwa kuwa ndivyo ulivyofundishwa, mengine kwa kuwa rangi fulani imekuishia na duka limefungwa. Lakini yapo machache unayafanya kila mara, hata mteja akisema badilisha unasikia moyo unagoma, unabadilisha kwa sababu ya hela na siku nzima unabaki na kinyongo. Hayo machache ndo msimamo wako. Yanajikusanya mwaka hadi mwaka mkononi, na wengi wetu yanatuchukua muda mrefu kufika mdomoni. Kwa hiyo ile fomu haikuombi ubuni kitu, inakuomba uangalie kazi zako mwenyewe kwa makini halafu useme ulichokiona.

Mwangalie mwenye jina lenyewe. Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar akafanya vibarua na kazi za nyumbani kwa watu, na kuchora kwenyewe alianza 1968. Mwaka 1972 akafariki kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani miaka minne tu ndo aliyochora, na hakuacha kitabu wala tamko lolote la kueleza anachoamini. Sasa tafuta picha yake moja uiangalie kwa karibu, hata kwenye simu. Ubao ni hadibodi, zile za kupigia dari, umekatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili. Rangi ni ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Tabia ya rangi hiyo unaijua: ni nzito, inang'aa, ukiiwekea nyingine juu haijakauka zinachafuana, kwa hiyo huwezi kufifisha kivuli kidogo kidogo kama wanavyofanya wa kanvasi na rangi za tyubu. Inabidi upake usuli, usubiri. Uweke mwili wa mnyama mzima mzima wa rangi moja, usubiri tena. Ndo uje na madoa, mistari, nukta moja moja. Na mnyama mara nyingi anaujaza ule mraba mpaka mkia unakunjwa ili uingie, wala hakuna milima ya mbali inayofifia nyuma ya kumpunguzia nafasi.

Hayo yote ni maamuzi na yana imani ndani yake. Kiumbe mmoja anatosha picha nzima. Kitu cha dukani cha bei ya chini kinabeba uzuri vizuri tu. Kusubiri ni sehemu ya kuchora. Wapo watakaokwambia alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli kwa sababu hakuwa na hela ya vifaa vya Ulaya, na ni kweli, lakini Dar nzima ya wakati ule ilijaa watu wasio na hela ya vifaa vya Ulaya na hawakufika pale alipofika yeye. Uhaba ulimpa vifaa, alichokifanya navyo ni chake mwenyewe.

Ndo maana mjomba wako nampa heshima zake zote lakini kwenye hilo la walioshiba namkatalia. Mjomba anayo falsafa, ila hajawahi kuulizwa kwa adabu. Jaribu wewe. Usimuulize falsafa yako ni ipi, utamkera bure. Muulize kitu gani hawezi kukubali kitoke mkononi mwake hata alipwe mara mbili. Uone kama hatakujibu, tena kwa ukali, na ukimsikiliza vizuri utagundua baadhi ya anayoyasema wewe pia unayafanya bila kujua ulikoyatoa.

Na hilo la kukataa ulishike sana, kwa sababu msanii anaeleweka haraka zaidi kwa anavyovikataa kuliko anavyovipenda. Vya kupenda sote tunapenda, nani hapendi rangi nzuri. Kuna mfinyanzi anaitwa Magdalene Odundo, kazaliwa Nairobi 1950, makazi na kazi zake zipo Uingereza. Huyu mama hatumii gurudumu la kufinyangia, anajenga chungu kwa mkono kutoka chini kwenda juu, na hapaki ile rangi ya kioo ambayo wafinyanzi wengi wanapaka ili chungu king'ae. Yeye anakipaka udongo laini kisha anakisugua, anakisugua, mpaka ngozi ya udongo inang'aa yenyewe, halafu ndo anakichoma, kinatoka cha rangi ya machungwa, na akikitaka cheusi anakirudisha kwenye moto uliobanwa hewa. Vitu viwili tu alivyovikataa, gurudumu na kioo, na tayari umeshaanza kuelewa anaamini nini kuhusu mkono na moto, hajakwambia neno.

Mwingine ni Michael Armitage, naye mzaliwa wa Nairobi, 1984. Yeye anachora juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti cha Baganda ambacho kwao kinatumika mpaka kwenye maziko. Ni kitu kigumu kuchorea, kina matundu, kina mishono, kina sehemu nene na sehemu nyepesi. Angeweza kuyaziba. Anayaacha, picha inabidi ipite humo humo kwenye matundu, na unapoiangalia huwezi kusahau kwamba kilichobeba hiyo picha kina historia yake. Na unajua alikutana na lubugo wapi mara ya kwanza? Kwenye soko la vitu vya watalii, Nairobi. Nalitaja hilo makusudi kwa ajili ya wenzako wa chuo.

Tuje kwao sasa. Wanaposema Tingatinga si sanaa wanagusa, bila kujua pengine, mjadala wa siku nyingi sana hapa kwetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma Makerere kwenye ile shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell, na mwaka 1959 akachora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, maisha ya Yesu yakatokea katikati ya watu na mashamba na vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, na msimamo wake aliousimamia maisha yote ni kwamba usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ni kauli nzito. Sasa geuka upande wa pili, nenda Oysterbay pale Morogoro Stores, ambapo wanafunzi wa Tingatinga, wengi ndugu na jamaa zake, walijifunza kwa kumjazia usuli na kuchora alivyochora, na alipofariki wakaendelea kuchora vile vile, baadaye wakawa na chama chao cha ushirika. Pale kuiga ndo shule yenyewe. Mmoja anasema kuiga ni dhambi, mwingine anasema kaa hapa uige mpaka mkono ujue.

Mimi nimefundisha muda mrefu na nimekaa sana na hizi pande mbili, na ninavyoona wote wako sawa ila hawazungumzii wakati mmoja. Mkono unajifunza kwa kurudia, hakuna njia nyingine, hata hao wa chuo walipewa chupa na matunda wayachore mpaka wakachoka. Ulipokuwa mdogo unamwigiza mjomba ulikuwa unaiga ili ujue. Hatari inaingia pale sababu inapobadilika kimya kimya, unaiga kwa kuwa mteja anaitambua picha haraka na wewe huna tena cha kuamua. Dalili yake ni rahisi kuiona: kama unaweza kumchora huyo twiga mwanzo mwisho huku unaangalia mpira, basi hakuna uamuzi hata mmoja umefanyika humo, na hapo kauli ya mzee Njau inakuhusu. Lakini kama bado unasimama unajiuliza hii shingo ipite wapi, bado unachora, awe twiga awe nani. Na tusimsingizie mzee kwamba anatukataza kuanzia kwenye kitu cha watu. Habari ya Yesu ilikuwa imeshachorwa Ulaya kwa karne na karne, yeye akaichukua hiyo hiyo akaipeleka Murang'a.

Kuhusu watalii nisikufiche, soko linabana kweli. Linaamua ukubwa wa picha ili iingie kwenye begi, ndo maana siku hizi kanvasi ya kukunja imekuwa nyingi kuliko ubao. Linaamua mnyama gani, linashusha bei mpaka inabidi uchore haraka. Hayo ni ya kweli na wenzako wana haki ya kuyasema. Wanachokosea ni kuamini kwamba kitu kikishauzwa kwa mgeni kinakuwa kimekufa. George Lilanga, Mmakonde wa kusini, alianza kuchonga kwenye mizizi ya muhogo kabla hajaingia kwenye mbao ngumu, alipokuja Dar alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, kabla hawajaona kwamba mlinzi wao ni mtu wa namna gani. Mashetani yake, yale yenye masikio makubwa na matumbo na vidole vichache, yamenunuliwa na wageni kwa wingi mno mpaka alipofariki 2005 na hata baada ya hapo. Yaangalie lakini. Yanasengenyana, yanabebana, yanacheka, yanagombea kitu, ni mtaa wetu ule ule. Mnunuzi alibeba picha, mtaa haukutoka ndani yake.

Na kinyume chake pia ukijue, kwamba kusoma na kuzunguka dunia hakukulazimishi kuzungumza mambo makubwa makubwa. Sam Ntiro alisoma Makerere, akasoma shule ya sanaa ya Slade kule London, baada ya uhuru akawa mwakilishi wa nchi yetu Uingereza, na bado mpaka mwisho alichora watu wa Kilimanjaro wakifanya kazi zao za kawaida. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, mwaka 1960. Pombe ya ndizi, usiku, basi.

Hapo ndo naingia kwenye yale maneno ya rafiki yako. Najua kwa nini yanakufanya ujisikie tapeli: hayajui chochote kuhusu wewe. Utambulisho, kumbukumbu, mwili wa Kiafrika, unaweza kuyabandika kwenye picha za mtu wa Lagos, wa Harare, wa popote, yakakaa vile vile. Maneno yanayomfaa kila mtu hayajafanya kazi uliyoyapa. Na fikiria upande wa anayesoma hizo fomu. Mbele yake kuna maombi mengi, anaangalia picha kwanza, halafu anasoma maelezo kuona kama vinakubaliana, maelezo yakisema kitu ambacho jicho lake halikioni anaweka pembeni anachukua inayofuata. Ukipita hapo kuna mahojiano, utaulizwa makutano hayo yako wapi kwenye hii picha ya bomba la maji, utasema nini? Sasa, nikwambie ukweli wote, zipo sehemu wanaipenda hiyo lugha na ukiandika kawaida unaweza ukakosa nafasi. Itatokea. Lakini ukiipata kwa maneno yasiyo yako utakaa huko miezi unachora ili yafanane na ulichosema, na hiyo ni shida kubwa zaidi ya kukosa. Hiyo programu sina ugomvi nayo, ikusaidie kutafsiri na kunyoosha sarufi ukishakuwa na maneno yako. Kwanza yawepo.

Basi tufike kwenye foleni. Zitoe zote, hata zile ambazo hukumaliza, zipange sakafuni au zisimamishe ukutani, siku ambayo huna oda ya mtu, na uziangalie kama zimechorwa na mtu usiyemjua. Jiulize vitu vidogo. Umewapa nyuso au migongo? Wanaangaliana au kila mtu na lake? Madumu umeyapa rangi gani, na je, dumu limepewa uangalifu kuliko mtu aliyelibeba? Usuli ni ule wa mjomba, wa rangi moja, au umeweka nyumba na nguzo za umeme? Watu wamejaa ubao kama tembo wa Tingatinga, au umewafanya wadogo? Na hili nina hamu nalo kweli: bomba linaonekana? Dirisha la dawa linaonekana? Maana mtu anayechora foleni halafu mwanzo wake akauacha nje ya picha ameamua kitu kikubwa sana, hata kama alidhani tu nafasi imemwishia. Angalia kama umeamua hivyo mara moja au kwenye zote.

Usiandike bado. Mwite mtu anayekupenda ila haelewi mambo ya sanaa, dada yako, jirani, simama naye mbele ya picha, washa simu irekodi, mwambie akuulize kila kinachomjia. Jibu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kama ndo inayokutoka vizuri. Watu wengi wanaogopa karatasi lakini wakiulizwa na mama mdogo "mbona huyu hana kiatu kimoja" wanaeleza dakika kumi bila kukwama. Baadaye sikiliza uandike ulichosema, vile vile kilivyotoka, kisha ukate. Kata kila sentensi ambayo mchoraji mwingine angeweza kuisema. Kitakachobaki kinaweza kuwa kidogo, kinaweza kusikika hivi, na huu ni mfano tu wa kukuonyesha uzito wake, picha zako sijaziona kwa hiyo usiunakili:

"Nachora watu wanaosubiri. Natumia ubao na rangi ya mafuta kwa sababu ndivyo mjomba wangu alivyonifundisha kuchora wanyama, na kanuni yake moja nimebaki nayo, kwamba aliye kwenye picha lazima ajae. Kwenye foleni mtu anapewa nafasi ndogo, kwenye ubao wangu nampa yote. Bomba silionyeshi, kwa sababu wengi waliosimama hapo hawalioni."

Angalia jinsi mjomba alivyoingia humo bila kuonewa aibu. Anayesoma anajua umetoka wapi, unafanya nini kwa mikono, unakataa nini. Hayafiki maneno 300 na hakuna tatizo, usijaze ili yafike, ongeza picha moja au mbili uzielezee zilivyotengenezwa. Fomu ikitaka Kiingereza tafuta mtu akutafsirie akiwa ameziona picha, asitafsiri hewani.

Umeuliza pia kama uache Tingatinga. Sioni sababu ya kuacha ghafla. Kodi ni kodi, na isitoshe huo mkono wako wa kuweka rangi safi na kusubiri ikauke wenzako wengi hawana. Kubaki na wanyama maisha yote nako ni njia ya heshima, ukiwa unawachora kweli, usikubali mtu akudharaulie hilo. Kufanya vyote viwili ndo ninakoegemea, ila kuna gharama yake usiichukulie juu juu: kasi ya oda inahamia. Siku nzima umepiga ndege ishirini, jioni ukishika foleni mkono unakimbia wenyewe, unaweka nukta pale ambapo picha haikuomba nukta. Kwa hiyo zipe picha zako muda mkono ukiwa haujachoka, asubuhi kabla ya oda, hata iwe mara mbili kwa wiki. Wiki ambayo kodi inadaiwa oda itashinda, usijilaumu kwa hilo.

Sasa kichwa. Hili nalisema kwa uzito kuliko yote hapo juu. Rangi ya mafuta na thina chumbani, dirisha limefungwa, halafu unalala humo humo, mvuke wake ndo unaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na ukiendelea nao muda mrefu unaumiza mfumo wa fahamu. Inawezekana kabisa sehemu ya huko kuvurugwa na kukosa usingizi kunatokea humo. Chorea nje, barazani, chini ya mti, kopo la thina lifunikwe kila ukimaliza kuchovya, matambara yenye rangi yatoke nje usiku, picha zikaukie sehemu usiyolala. Kichwa kisipoacha baada ya kuhama hapo, au ukihisi ganzi mikononi, nenda kituo cha afya na uwaambie wazi unafanya kazi na thina. Na kama umeshahamia nje na bado hulali, huna hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, au mawazo yanakuja ya kujidhuru, usisubiri fomu iishe, ongea na daktari siku hiyo hiyo, na mwambie mtu wa nyumbani.

Kwa upande wa kazi nako kuna mambo hayawezekani kwa maandishi. Picha inatakiwa ionwe, uso wa rangi ya mafuta kwenye simu unadanganya. Beba foleni mbili tatu nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, kuna wasanii wanafanya kazi humo kila siku, omba mtu akuangalizie. Ukiwa na safari ya Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa. Usiombe waseme ni nzuri, waombe wakwambie wanaona nini. Na ukipata residensi, kabla hujasaini uliza nauli nani analipa, vifaa nani ananunua, kazi utakazochora huko zinabaki za nani, na wana ruhusa ya kuzichapisha wapi. Usipoelewa mkataba uupeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au kwa mwanasheria akusomee, kuuliza hakukuondolei nafasi, na mahali ambapo kuuliza kunawaudhi ni bora ukakujua mapema.

Hujasema fomu inafungwa lini. Kama imebaki wiki mbili tatu, muda unatosha kwa yote niliyoeleza, anza na kuhamisha thina nje leo leo na kuzipanga foleni sakafuni mwisho wa wiki. Kama ni keshokutwa, iache ya mwaka huu ipite, matangazo ya namna hiyo yanarudi, andika kwa nafasi yako na ukimaliza nitumie pamoja na picha tatu ulizopiga mchana kwenye mwanga wa kawaida bila flashi, nitasoma na nitakujibu.